Siku Siti Aliponiita Kuli

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, mbele ya geti la yadi moja ya makontena Kurasini, pale mwalimu wetu wa Uraia aliponinyooshea kidole akasema, "Mkalimani wetu ni huyu hapa."

Nikageuka nyuma kumtazama huyo mkalimani. Nyuma yangu palikuwa na mbuzi wawili na ukuta.

"Wewe, wewe," mwalimu akasema. "Si umesoma chuo?"

Chuo cha Kurani nilisoma, ni kweli. Nilikaa mkekani kwa maalimu tangu meno ya mbele hayajaota mpaka nikaingia sekondari, na Kiarabu nilikuwa nakisoma mbio kama maji ya bomba siku yakiamua kutoka. Lakini kusoma kwetu kulikuwa kutamka tu. Maana, maalimu alisema, tutaipata tukikua. Nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa bado sijakua kiasi hicho. Mtu mwenye kauli angesema palepale, "Mwalimu, mie najua herufi tu." Mie kauli sikuwa nayo. Nilikuwaga naitika "abee" ndani ya koo, mpaka kiranja akiita majina ananiandika sipo na huku nimekaa mbele yake. Nikatazama viatu vyangu. Mwalimu akahesabu kwamba nimekubali.

Mwaka ule somo la Siasa lilikuwa limebadilishwa jina, likawa Uraia. Mwalimu alibaki yuleyule na koti lake lilelile la kahawia. Zamani alitufundisha ujamaa, sasa akatufundisha haki za binadamu, kwa sauti ileile na fimbo ileile. Akaanzisha klabu. Haki, alisema, haziishii ubaoni, lazima mtu atoke akajitolee. Akatutafutia pa kujitolea: Boko, kwa Wapalestina.

Walikuwa familia tatu, wamefikia kwa jamaa yao aliyekuwa na kiwanda cha kufyatua matofali. Walitoka nchi moja ya Ghuba, ambako baada ya vita waliambiwa wafunge virago, na huko Ghuba nako walifika wakiwa wamekwisha kufukuzwa kwao. Yule mwenye matofali, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alikuja shuleni na ombi moja tu: wanawake na watoto wafundishwe lugha. Walikuwa hawatoki nje. Hata kiberiti, alisema, hawawezi kujinunulia.

Wanaklabu tulikuwa wengi siku ya kuandikisha majina. Siku ya kwenda, wengine wote walipata misiba ya ghafla. Tukabaki wawili, mie na rafiki yangu, ambaye Mungu alimpa maneno yake na ya kwangu akamwachia ayatumie yote.

Lori la kwenda Boko lilikuja yadini kuchukua nondo, na waliokuwa wakizipakia ni baba yangu na wenzake. Baba alikuwa kuli. Bandarini, yadini, popote panapotakiwa mgongo, aliitwa. Mwenyewe hakuona haya hata kidogo. "Hicho kiatu chako cha mtumba," alikuwa akiniambia, "kimeshuka melini kwa miguu yake? Kuli kakishusha." Shuleni lakini neno lile lilikuwa jiwe la kurushiwa. Kidato cha kwanza wavulana wa viti vya nyuma walinibatiza Kuli Mdogo. Nikipita wanainama kama wamebeba gunia: "Pisha njia, mzigo huo!" Nilinyamaza. Mpaka kidato cha pili kinaisha wakachoka, jina likafa. Nami nikaapa moyoni kwamba atakayelifufua nitamjibu, hata kama jibu litasikiwa na mtu mmoja tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndio safari ya ng'ambo hii?" Kwa baba, ukishavuka daraja la Selander umeshatoka nchini, na Boko ilipakana na Uingereza. Akajifuta jasho kwa kipande cha gunia. "Haya. Ukifika usione aibu kula. Wewe aibu itakuja kukuua na njaa."

"Na mie hunisemi, baba?" rafiki yangu akadakia.

"Wewe nawaonea huruma wenye chakula."

Mwalimu akakaa mbele na dereva. Sie tukakaa nyuma juu ya nondo, khanga mbili zimekunjwa chini yetu, nazo hazikusaidia kitu. Njia nzima nilikuwa nakusanya Kiarabu changu kichwani. Nilikuwa na salamu, nilikuwa na dua ya kuingia chooni, dua ya kutoka chooni na dua ya safari. Nikaona kwa shida sana naweza kuendesha mazungumzo.

Walitupokea uani, mwenye matofali na wanaume wengine wako kiwandani. Nyumba ilikuwa ya matofali yao wenyewe, haijapigwa plasta, na ndani hamkuwa na viti, magodoro membamba tu kuzunguka kuta. Wanawake watano, watoto wasiohesabika kwa sababu hawatulii, na mbele yao wote bibi mmoja mwenye shungi jeupe na gauni jeusi lililotariziwa kifuani kwa nyuzi nyekundu, darizi ndogondogo kama mchele. Watoto walikuwa wakimng'ang'ania wakipiga kelele, "Siti! Siti!"

"Wanatafuta siti?" rafiki yangu akaninong'oneza. "Mbona hapa hamna hata kigoda?"

Mie nilijua kuwa hata kwetu pwani, zamani, Siti ni bibi wa heshima. Nikajiona mkalimani kweli. Nikamwendea, nikapiga goti kidogo, "Shikamoo Siti," nikasema kwa sauti ya chini. Hakuelewa, lakini goti alilielewa. Akanibusu shavu la kulia, la kushoto, la kulia tena, na mie nilipodhani yamekwisha nikageuka, akaambulia sikio.

Mwalimu akasimama katikati ya chumba, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu zetu," akasema, kisha akanitazama.

Nikafungua mdomo. Sijui lilitokea wapi, likatoka, "Bismillahi."

Chumba kizima kikatikisa kichwa kwa heshima. Mwalimu akapata moto. Akasema kuwa binadamu wote wako sawa, kwamba kila mmoja ana haki ya kuwa na kwao, ya kusema, ya kusoma, ya kutodhalilishwa, sentensi moja ndefu kama treni ya mizigo. Mie nikasimama pembeni ya reli nikaokota mabehewa niliyoyatambua. "Insani," nikasema. "Sawa. Haki. Huria." Huria yenyewe nilikuwa naijua ile ya soko tu, iliyotuletea mitumba na sabuni za rangirangi madukani. Nikafunga mlango: "Alhamdulillahi."

Siti alipolisikia neno haki akaweka mkono kifuani. Akasema maneno mengi, taratibu, akatazama dari, akatazama watoto, akatazama mlango.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Anasema asante."

"Muda wote huo?"

"Asante sana, mwalimu."

Somo lenyewe liliponywa na jiko. Rafiki yangu alichukua vitu kimojakimoja na kuvitaja kwa sauti ya mnadani. "Sabuni!" Wanawake wakaruka: sabuni kwao ni sabuni! "Sukari!" Wakapiga makofi. Kahawa, dakika, kitabu, kila kimoja kikapokewa kama ndugu aliyerudi kutoka safari. Na kile kiberiti ambacho hawawezi kujinunulia, kumbe nacho ni chao, walikuwa wanakiogopa bure. Mwanamke mmoja alikirudia, "Kiberiti, kiberiti," akicheka mpaka akajifuta macho. Wasivyovitambua vilikuwa kijiko, sufuria na mwiko, na hivyo wakavijifunza kwa hasira. Mie shingo ikaanza kunyooka. Nikaanza kuamini kwamba kila neno lao ni la kwetu, limevaa kanzu tu.

Hapo ndipo nilipopotelea.

Saa saba ilipokaribia, harufu ya wali ikajaa nyumba. Jikoni walikuwa wamepindua sufuria nzima kichwa chini juu ya sinia, wali ukasimama kama mnara, biringanya na kuku vimeupanda juu. Siti akalibeba mwenyewe, akapita watu wote, akanijia mie mkalimani. Akalisogeza mbele yangu kwa mikono miwili.

"Tafaddali," akasema.

Neno hilo sikuhitaji kuambiwa. Mtu mzima, mwenye mvi, ananiomba mie tafadhali! Kwetu mkubwa akifikia kukuomba hivyo, ujue ameelemewa. Nikaruka. Nikampokea lile sinia, nikageuka, nikaanza kulirudisha jikoni nilikoona limetokea.

"La, la, la!" Siti akanikimbilia nyuma.

Nikasimama na sinia langu mlangoni.

"Anasemaje sasa?" mwalimu akauliza.

"Anasema..." Sikuamini mwenyewe. "Anasema tulale."

"Saa saba mchana?" rafiki yangu akauliza. "Na wali umeiva?"

Mwalimu akafikiri. Alikuwa mtu wa kuheshimu mila. "Kuna jamii zinapumzika kabla ya kula," akasema. "Na haki ya mapumziko imo kwenye tamko la haki za binadamu. Laleni." Akawa wa kwanza. Akajinyoosha godoroni, koti limefungwa vifungo vyote, mikono kifuani, soksi moja ina dirisha dole gumba limechungulia. Rafiki yangu akalala pembeni akafumba macho kwa nguvu. Mie sikuweza kulala kwa sababu ya sinia.

Wanawake wakashtuka. Mmoja akaleta maji akamnyunyizia mwalimu usoni, mwingine akaanza kumpepea kwa mfuniko wa sufuria. Mwalimu akawashukuru bila kufumbua macho.

Siti akaninyang'anya sinia, akaliweka chini, akanivuta mkono nikakaa. Akanipakulia sahani yangu peke yangu, paja la kuku juu. Kisha akakamata kiwiko changu, chembamba kama mwiko, akakiinua juu kuwaonyesha wenzake, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akanielekezea kidole kifuani.

"Kuli," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kuli!" akarudia, kwa sauti ya juu. "Kuli, kuli!"

Na wale wengine wote, kama waitikiaji wa taarabu, wakinitazama na kutabasamu: "Kuli! Kuli!"

Rafiki yangu akainuka godoroni. "Heh! Wamejuaje?"

Damu ilinipanda masikioni. Wamejuaje? Dereva wa lori, nani mwingine! Amemwona baba akipakia nondo, amenisikia nikimwamkia, ameingia jikoni kabla yetu akawaambia. Na jina nililolizika mwenyewe shuleni limenitangulia mpaka Boko, kwa watu wasiojua hata kusema kijiko.

Nilikuwa nimeapa kujibu. Nikafungua mdomo. Ikatoka, "Nimeshiba," na hiyo hata rafiki yangu hakuisikia. Nikaisukuma sahani mbele, nikainuka, nikatoka uani. Nyuma yangu Siti alikuwa bado anaita, safari hii taratibu, kama mtu anayebembeleza, "Kuli... kuli..." Nikaona huo ndio ubaya wenyewe: anitukane halafu aniimbie.

Kutoka uani nilikuwa naona ndani. Siti hakula. Aliifunika sahani yangu kwa kitambaa, akaiweka mbele yake, akakaa kizingitini amenipa mgongo. Wanawake wengine nao wakaacha mikono magotini. Aliyekuwa anakula ni mwalimu peke yake, kwani haki ya chakula nayo imo.

Alipomaliza akanifuata, anachokonoa meno.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, mwalimu."

Rafiki yangu akanisemea, kama kawaida yake. "Wamemwita kuli, mwalimu. Kwa sababu ya baba yake. Wote, mpaka yule bibi."

Mwalimu akatupa kijiti chake. Sijawahi kuona mtu akisikitika na kufurahi kwa pamoja vile. "Kumbe nilisikia sawasawa!" akasema. "Hii ni kesi. Kesi hai! Mtu kudhalilishwa kwa kazi ya mzazi wake." Akafunga kifungo cha koti. "Wao wenyewe wanajua kudhalilishwa ni nini, halafu wanafanya hivi? Naingia kulisema. Na masomo yanasimama, hatuji tena Boko mpaka waombe radhi."

"Mwalimu, basi..."

"Haki haina basi. Jiandae, utatafsiri."

"Nitafsiri mie?"

"Kwani kuna mwingine?"

Akaingia ndani kupanga maneno yake, rafiki yangu nyuma yake asije akapitwa. Mie nikabaki nimeegemea rundo la matofali. Hebu fikiria: nisimame mbele ya bibi mwenye mvi nimwambie umenitukana, kwa lugha ambayo sina, kwa sauti ambayo sina. Na nikishasema, yule mama aliyekuwa akicheka na kiberiti chake ndiyo basi tena, atarudi kukaa ndani. Na nisiposema, nitakuwa Kuli Mdogo mpaka Boko. Nilitafuta kati ya hayo mawili nichague lipi, nikaona kama kuchagua jino la kung'oa.

Mjukuu mdogo wa Siti, wa miaka kama sita, alikuwa amechuchumaa pale pembeni na kipande cha mkate. Mbele yake paka mwembamba, wa kijivu, tumbo limeshikana na mgongo. Mtoto akakata tonge la mkate akalisogeza puani mwa paka.

"Kuli," akamwambia.

Nikageuza shingo.

"Kuli, bise. Kuli, kuli."

Nikamtazama yule paka vizuri. Hakuwa na mgongo wa kubeba mzigo wowote. Hajapakia nondo huyu, wala baba yake hakuwa bandarini. Paka akanusa, akala. Mtoto akafurahi. "Kuli!" akasema tena, na paka akala tena.

Nadhani nilisimama vile mdomo wazi, kwa sababu mtoto aliniona, akanihurumia. Akakata tonge jingine, akanyanyuka, akanyoosha mkono mpaka mdomoni kwangu.

"Kuli," akaniambia.

Nikala.

Akapiga makofi.

Mkate ule ulikuwa mkavu na una manyoya ya paka, lakini sijapata kula kitu kilichonishukia vile. Nikasikia ndani mwalimu ameanza: "Bi mkubwa! Katika nchi hii huru..." Nikakimbia. Mie, ambaye darasani nilikuwa natembea kama nimekanyaga mayai, nikaruka kizingiti na Siti mwenyewe nikamruka.

Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja juu. Wanawake walikuwa wanamtazama kwa wasiwasi, na yule wa maji alikuwa ameshika kikombe tayari.

"Afadhali," mwalimu akasema. "Tafsiri. Waambie, tumehuzunishwa sana."

Nikakaa chini mbele ya Siti, kizingitini, tukatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Nikakiondoa kile kitambaa juu ya sahani. Wali ulikuwa umepoa. Nikamega tonge, kubwa kuliko mdomo wangu, nikalitia.

"Tafsiri!" mwalimu akarudia.

"Kuli, mwalimu," nikasema, wali umenijaa.

"Unasemaje?"

"Kuli."

"Unaniita mie kuli?"

"Ndiyo, mwalimu. Kuli. Na wewe," nikamgeukia rafiki yangu, "kuli. Kuku bado yupo."

Siti akaangua kicheko, kicheko cha chini kilichoanzia tumboni. Akanipiga bega, akanipiga tena, akanikamata kichwa akakibusu. "Kuli!" akapiga kelele, akinionyesha sahani. "Kuli!" wanawake wakaitikia, nao wakavuta sinia, mikono ikaingia.

Rafiki yangu ndiye aliyewahi kuelewa, maana kwenye chakula akili yake ni kali. "He!" akasema. "Kumbe ni kula! Kula, mwalimu! Walikuwa wanamwambia ale!"

Mwalimu akashusha mkono polepole. Akafungua kifungo cha koti. "Na ile ya kulala?" akaniuliza.

Nikameza. "Ile sijui, mwalimu. Nadhani walikuwa wanasema hapana."

"Na tafadhali?"

"Nadhani ndiyo karibu yao."

Akakaa. Akaitazama soksi yake. "Basi tangu asubuhi," akasema taratibu, "sie ndio tuliokaribishwa." Kisha akavuta sinia upande wake akala mara ya pili, kimya, jambo ambalo hatukuwahi kulishuhudia shuleni.

Baadaye, vyombo vilipokuwa vinaoshwa, Siti alinivuta pembeni. "Baba?" akaniuliza. "Mama?" Hayo yalikuwa mamoja kwao na kwetu, na safari hii nilihakikisha kwanza kwa kumwonyesha urefu wa baba kwa mkono. Nikataka kumwambia kazi yake. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Nikainama, nikajitwisha gunia la hewa mgongoni, nikatembea nalo hatua mbili. Halafu nikajaribu neno la zamani, lile ambalo bibi yangu hulitumia badala ya kuli: "Hamali."

"Hammal!" Siti akajibu palepale. Akajipiga kifua, akanionyesha pete yake kidoleni, akainua mkono kuonyesha mtu mrefu. "Hammal," akasema tena. "Yafa." Baadaye niliambiwa ni bandari ya kwao. Akafanya duara kwa vidole, akajifanya anamenya, ananusa, nikajua ni chungwa. Akayapanga machungwa ya hewa kwenye sanduku la hewa, akalitwika begani kwa mume wake asiyekuwepo, akampeleka mpaka ukingoni mwa maji. Hapo akasimama. Mikono ikabaki imenyooshwa hivyohivyo, kama chombo kimeondoka na sanduku bado liko mikononi.

Nikamsaidia kulishusha lile sanduku. Nilishika upande wangu, akashika wake, tukaliweka chini polepole lisipondeke.

Tulipoondoka alinipa bakuli kubwa la wali, limefungwa kwa kitambaa chenye darizi nyekundu pembeni. "Baba," akaniambia, akilinyooshea kidole. "Tafaddali." Nikalipokea, na safari hii sikulirudisha jikoni.

Baba alikula kabla ya magharibi, amekaa kwenye kizingiti chetu, nami nikamsimulia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, mpaka mama akatoka chumbani kuangalia nani anaongea. Nilipofika kwenye paka baba aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo kuli maana yake kula?"

"Kwao, ndiyo."

"Miaka yote hii watu wananiambia kula, kula, na mie nabeba magunia tu!" Akacheka mpaka akapaliwa, mama akampiga mgongoni. "Kesho nikifika yadini nawaambia wenzangu. Bosi akiita 'Makuli!', sie tunakaa chini tunanawa mikono."

Mama alikuwa amelishika bakuli tupu, analigeuzageuza. "Hili halirudi hivi," akasema, na hakuna aliyebisha, maana kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu.

Asubuhi yake, Jumapili, niliamka kabla ya mama. Nikawasha jiko, nikaweka karai la vitumbua, mchele tuliouloweka na kuutwanga jioni, nazi na iliki. Viwili vya kwanza viliungua, nikavila mwenyewe. Vilipoanza kutoka vizuri, vyekundu kingo, nikavipanga ndani ya bakuli la Siti mpaka likajaa, nikalifunga kwa kitambaa chake. Baba alikuwa anatoka kwenda yadini, maana lori la Boko lilikuwa linarudi kuchukua nondo zilizobaki, na mie nilikuwa nimekwisha kumwomba anipeleke kwa dereva. Nje jirani zetu walikuwa wamejaa bombani na ndoo zao, na kati yao mmoja wa wale wavulana wa viti vya nyuma.

Nikachukua kitumbua cha moto, nikamfuata baba mpaka pale bombani, nikamwekea mkononi mbele ya watu wote.

"Kuli," nikamwambia, kwa sauti ambayo hata kiranja angeisikia.

Vichwa vikageuka. Baba akanitazama, akakitazama kitumbua, akala. Mwanamume huambiwa 'kul', kuli ni ya mwanamke, lakini hilo Siti alikuja kunifundisha kule Boko, saa chache baadaye, akiwa na kitumbua cha tatu mkononi.